Kupima mkondo wa betri ya sola bila kuchoma multimita: mwongozo kamili kwa mfumo wa volti 12

Ni saa sita mchana na multimita inasoma volti 12.9 kwenye betri. Je, betri inajaa, au friji inaimaliza polepole? Volti peke yake haina jibu. Jibu liko kwenye mkondo: ampea ngapi zinaingia na ngapi zinatoka.

Kazi hii huharibika kwa njia zilezile tatu. Mtu anaweka multimita kwenye ampea, kisha anagusa chanya na hasi za betri kama anayepima volti, na fyuzi inakatika au multimita yenyewe inaungua. Mwingine ananunua klampu mita (kipimo chenye taya zinazozunguka waya bila kuukata) isiyopima DC, yaani umeme wa betri unaokwenda upande mmoja, na inamsomea sifuri mchana kutwa. Wa tatu anafunga shanti (kipande cha chuma cha kupimia mkondo) vizuri kabisa, lakini anaacha hasi ya inveta (kifaa kinachogeuza DC ya betri kuwa AC, umeme kama wa gridi) kwenye betri palepale ilipokuwa, kwa hiyo umeme mwingi unapita pembeni bila kuhesabiwa.

Hatua zilizo hapa chini ni za mfumo mdogo: paneli moja hadi tatu, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 hadi 200, kontrola (kifaa kinachodhibiti kuchaji kwa paneli), na inveta isiyozidi wati 1000. Ndiyo mifumo inayoendesha vibanda vya kuchaji simu kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, saluni za kunyoa mjini Arua na nyumba nyingi za vijijini Uganda. Mwenye volti 24 afuate hatua hizihizi, akikumbuka kwamba kwa wati zilezile ampea zake ni nusu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kugusa betri

- Multimita ya kidijitali yenye nafasi ya milivolti 200 za DC (kwenye nyingi imeandikwa 200m). Zile za bei ya chini zinazopatikana karibu kila duka la vifaa vya umeme zinatosha.
- Shanti moja. Hiki ni kipande cha aloi chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana, chenye bolti mbili kubwa na skrubu mbili ndogo. Ya kawaida imeandikwa 100A 75mV.
- Waya mfupi wa shaba wa milimita za mraba 25, wenye lagi (vichwa vya chuma vyenye tundu la bolti) zilizobanwa pande zote mbili, wa kuunganisha hasi ya betri na shanti. Sentimita 20 hadi 30 zinatosha.
- Nyaya mbili nyembamba za kusomea, nyekundu na nyeusi, kila mmoja na fyuzi yake ndogo ya nusu ampea hadi ampea moja.
- Fyuzi kuu ya betri upande wa chanya, kama haipo. Kwa inveta ya wati 500 tumia ampea 80.
- Spana mbili, bisibisi, brashi ya waya au msasa, na tepu ya umeme.
- Taa ya gari ya volti 12, wati 55, kwa kuhakiki vipimo.
- Klampu mita ya DC, ukiweza kuazima au kununua. Si lazima.

Kuhusu klampu, soma maandishi kabla ya kulipa. Klampu nyingi zinapima ampea za AC tu, hata zile zinazopima volti za DC. Tafuta alama ya A yenye mstari ulionyooka na vinukta chini yake, na kitufe cha kurudisha sifuri. Klampu isiyo na kitufe hicho karibu kila mara si ya ampea za DC.

## Hatua ya 1: Kadiria ampea kwenye karatasi

Ukubwa wa shanti, waya na fyuzi unatokana na hesabu hii, kwa hiyo usiiruke.

Upande wa kutoka: gawa wati za inveta kwa volti 12, kisha gawa tena kwa 0.88, kwa sababu inveta nayo inakula sehemu yake. Wati 500 zinakupa takriban ampea 47. Wati 1000 zinafika 95.

Upande wa kuingia: paneli ya wati 100 ya volti 12 hutoa takriban ampea 5 na nusu kwenye jua kali. Mbili sambamba ni 11.

Chukua namba kubwa zaidi. Shanti isibebe zaidi ya theluthi mbili ya kiwango chake kwa muda mrefu, kwani joto hubadilisha usomaji na hulegeza bolti. Kwa hiyo shanti ya ampea 100 inatosha inveta ya wati 500 au 600. Kwa wati 1000 nunua ya 150 au 200.

Usivutwe na wazo la kununua kubwa kupita kiasi "kwa usalama". Shanti ya 500A 50mV, kama zile za vipimo vya betri vya kampuni ya Victron, hutoa nusu milivolti tu kwa ampea 5. Kifaa chake chenyewe kinasoma hilo vizuri, lakini multimita ya kawaida itaonyesha 0.5 inayorukaruka, na hutajua kama ni ampea 4 au 6.

## Hatua ya 2: Chagua njia inayofaa mkondo wako

Tundu la ampea 10 la multimita. Linafaa kwa mkondo mdogo tu, mathalani kujua inveta inakula kiasi gani ikiwa imewashwa bila kazi. Multimita hapa inaingizwa katikati ya waya uliokatizwa; haigusi ncha mbili za betri kamwe. Ndani ya tundu hilo kuna ukinzani karibu na sifuri, hivyo kuligusisha chanya na hasi ni sawa na kuweka spana juu ya ncha za betri. Multimita nyingi zinaruhusu ampea 10 kwa sekunde 10 tu, kisha zipumzike dakika 15. Za bei ya chini huandikwa wazi kwamba tundu hilo halina fyuzi.

Klampu ya DC. Haraka, haikati waya, inafaa kukagua. Lakini haikai pale siku nzima.

Shanti. Inafungwa mara moja na kubaki. Kwa mtu anayetegemea betri kwa biashara, hii ndiyo njia ya kuwekea pesa, na hatua zinazofuata zinaihusu.

## Hatua ya 3: Zima kwa mpangilio

1. Zima vifaa vyote, kisha inveta.
2. Tenganisha paneli na kontrola, au funika paneli kwa turubai.
3. Ondoa fyuzi kuu ya chanya.
4. Mwisho kabisa, fungua hasi ya betri.

Paneli hutangulia kwa sababu kontrola ikibaki na paneli bila betri inapokea volti ambazo nyingine haziwezi kuzihimili. Inawaka taa zake kama kawaida, na wiki moja baadaye haichaji tena.

Vua saa, pete na bangili. Betri ya ampea-saa 100 inaweza kumwaga zaidi ya ampea elfu moja kwenye shoti, na pete inakuwa nyekundu kabla hujaivuta. Betri ya asidi iliyotoka kuchaji hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo fungua dirisha na usivute sigara hapo. Funga tepu kwenye mpini wa spana, ubakize mdomo tu.

Umefaulu ukiona kontrola imezima kabisa na hakuna taa yoyote inayowaka.

## Hatua ya 4: Funga shanti upande wa hasi

Shanti hukaa kati ya hasi ya betri na vitu vingine vyote. Ikifungwa upande wa chanya, nyaya za kusomea zitabeba volti 12 kamili na kila kosa dogo litakuwa shoti.

Ifunge kwenye ubao mkavu au plastiki nene karibu na betri, isiwe juu ya betri ya asidi yenyewe: mvuke wake hula shaba na kuacha unga wa kijani kwenye bolti.

Sasa sehemu inayoharibu kazi za wengi. Kwenye ncha ya hasi ya betri ubaki waya mmoja tu, ule mfupi mnene unaokwenda upande mmoja wa shanti. Nyaya nyingine zote zilizokuwa kwenye hasi ya betri zihamie upande wa pili: hasi ya betri ya kontrola, hasi ya inveta, hasi ya redio, hasi ya ile taa ndogo ya choo iliyoungwa na fundi mwingine miaka miwili iliyopita. Fuata kila waya kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiacha hata mmoja, shanti haitauona mkondo wake.

Kuna onyo moja hapa ambalo mafundi wengi hawalijui. Kontrola nyingi za PWM (aina rahisi, inayochaji kwa kuwasha na kuzima haraka) huunganisha chanya zote ndani na kukata umeme kwa upande wa hasi. Kwa hiyo hasi ya paneli na hasi ya matumizi kwenye kontrola si kitu kimoja na hasi ya betri. Ziache palepale kwenye kontrola. Ukizileta kwenye shanti ili "hasi zote zikutane", paneli itachaji bila kudhibitiwa, au taa zitaendelea kunyonya betri hata kontrola ikishakata. Hamisha zile tu zilizokuwa zimefungwa kwenye betri. Vifaa vilivyo kwenye tundu la matumizi la kontrola vinahesabiwa hata hivyo, kwa kuwa umeme wao unarudi betrini kupitia kontrola.

Safisha kila lagi hadi shaba ing'ae. Lagi ikae moja kwa moja juu ya bamba la shanti na washa (kile kipete bapa cha bolti) iwe juu yake. Washa ikiwekwa chini ya lagi, mkondo wote unapita kwenye chuma duni na pale panapata moto. Kaza imara, lakini usipindue bolti hadi shanti ijikunje.

Kama una betri mbili sambamba, ziunganishe kwanza, kisha shanti iwe baada ya kiungo. Toa chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya pili ili zichangie sawa.

## Hatua ya 5: Unga nyaya za kusomea

Hizi huingia kwenye skrubu ndogo. Usizifunge kwenye bolti kubwa. Bolti kubwa zina ukinzani wa kiungo unaobadilika kila zikikazwa au zikilegea. Skrubu ndogo zimewekwa mahali ambapo kiwanda kilipima milivolti zile 75.

Waya mwekundu uwe upande wa betri, mweusi upande wa mfumo. Kwa mpangilio huo, betri ikichaji multimita inaonyesha namba ya kawaida, na betri ikitoa umeme inaonyesha namba yenye alama ya kutoa. Ukibadilisha haiharibiki kitu, ila alama zinageuka.

Fyuzi ndogo ziwe karibu na shanti. Ukifunga skrini ya kidijitali badala ya multimita, na siku moja bolti kubwa ikalegea, mkondo wa inveta utatafuta njia kupitia waya huu mwembamba. Fyuzi ndiyo itakayokatika kabla waya haujashika moto. Waya wa chanya unaolisha skrini hiyo nao uwe na fyuzi ya ampea moja. Na uliza kabla ya kununua: skrini nyingi za bei ya chini husoma mkondo wa upande mmoja tu, yaani zitakuonyesha kuchaji au kutumia, si vyote viwili.

## Hatua ya 6: Rudisha umeme

Mpangilio unageuka: hasi ya betri, fyuzi kuu, subiri kontrola iwake na kutambua volti 12, kisha paneli, mwisho inveta. Cheche ndogo wakati wa kurudisha fyuzi ni kapasita za inveta (sehemu zake za kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) zinajaa. Cheche kubwa yenye mlio ni shoti. Ondoa mara moja utafute.

## Hatua ya 7: Soma na ugeuze kuwa ampea

Weka multimita kwenye milivolti 200 za DC. Kagua kwamba waya mwekundu wa multimita uko kwenye tundu la volti, si la ampea 10.

Kwa shanti ya 100A 75mV, zidisha milivolti kwa 1.33. Kwa 50A 75mV, zidisha kwa 0.67. Mifano ya shanti ya ampea 100:

- 1.5 mV ni ampea 2
- 3.8 mV ni ampea 5
- 7.5 mV ni ampea 10
- 15 mV ni ampea 20
- 35 mV ni karibu ampea 47

Anza na kipimo cha sifuri. Paneli imetenganishwa, kila kitu kimezimwa: multimita isome kati ya 0.0 na 0.1. Ikisoma zaidi, kuna kifaa kinachokula umeme bila wewe kujua, au multimita yenyewe ina kasoro. Gusisha nyaya zake mbili pamoja. Ikibaki na namba, ondoa namba hiyo kwenye kila usomaji wako.

Kisha unga taa ya gari ya wati 55: chanya baada ya fyuzi, hasi upande wa mfumo wa shanti. Utarajie ampea 4 na nusu hadi 5, yaani milivolti 3.4 hadi 3.8 zenye alama ya kutoa. Ukiwa na klampu, ifunge kwenye waya uleule na ulinganishe.

Usitarajie maajabu kwenye namba ndogo. Tarakimu ya mwisho ya multimita hii ni 0.1 mV, ambayo ni ampea 0.13, na inaweza kukosea kwa tarakimu mbili. Kati ya ampea 5 na 60 shanti hii ni ya kuaminika; chini ya nusu ampea inabahatisha. Kwa mikondo hiyo midogo rudi kwenye tundu la ampea 10, ukikatiza waya wa kifaa kimoja tu. Kwa inveta kuna mtego: inapoungwa mara ya kwanza inavuta mkondo mkubwa wa kujaza kapasita na kuua fyuzi ya multimita. Unga inveta kwanza kwa waya wa kawaida, weka multimita sambamba na waya huo, kisha ndipo uuondoe ule waya. Inveta isiwe na kifaa chochote kinachowaka wakati huo. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kuiweka multimita chini. Anayefuata kuichukua atapima volti bila kutazama.

## Ukitumia klampu

Zungusha kitufe hadi ampea za DC, shika klampu karibu na waya lakini isiwe juu yake, bonyeza sifuri, kisha funga kwenye waya mmoja. Ukifunga chanya na hasi pamoja, mikondo miwili inayopingana inafutana na utaona sifuri.

Mshale uliochorwa ndani ya taya uelekee betri ukipima kwenye waya wa chanya. Hapo kuchaji kutasomeka bila alama ya kutoa. Rudisha sifuri kila unapohama mahali, kwa sababu klampu za DC husikia hata usumaku wa dunia na wa vyuma vilivyo karibu. Kwa mkondo mdogo, zungusha waya mara tano ndani ya taya, kisha gawa namba kwa tano.

Pima kwenye waya wa betri. Ukipima kwenye waya wa paneli na kontrola yako ni MPPT (aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea zaidi), utapata namba nyingine kabisa: ampea 5 za volti 36 upande wa paneli zinakuwa takriban 13 upande wa betri. Si kosa, ndivyo kontrola hiyo inavyofanya kazi.

## Hatua ya 8: Soma mkondo pamoja na volti

Hapa ndipo kazi yote inapolipa. Ampea 2 zinazoingia mchana zinaweza kuwa habari njema au mbaya, na kinachotofautisha ni volti ya betri wakati huohuo. Namba zifuatazo ni za betri ya asidi ya ampea-saa 100.

Mkondo mkubwa, volti inapanda polepole kutoka 12.8 kwenda 13.8. Asubuhi ya kawaida. Acha ifanye kazi.

Mkondo mdogo, volti 14.2 hadi 14.4. Betri inakaribia kujaa na inakataa zaidi. Mkondo ukishuka hadi ampea 1 au 2 na kutulia hapo, imejaa. Watu wengi huona ampea zikishuka saa nane mchana na kulaumu paneli, kumbe kazi imekwisha.

Mkondo mdogo, volti 12.5, jua kali. Hapa tatizo liko juu ya paa au kwenye waya. Kagua vumbi, kivuli cha mti au cha antena, na viungio vya paneli. Kivuli cha tawi moja kwenye kona hupunguza zaidi ya eneo linalofunikwa, kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfuatano. Kaskazini mwa Uganda, wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Februari, anza na maji na kitambaa.

Volti inaruka hadi 14.4 ndani ya dakika chache, mkondo unaanguka, na jioni betri inazima haraka. Betri imechoka. Inaonekana imejaa kwa sababu uwezo wake umebaki mdogo. Kuongeza paneli hakutasaidia, hata muuzaji akisema nini.

Mkondo unaendelea kuingia siku nzima lakini volti haifiki 14, na betri ni ya moto ukiigusa. Seli moja kati ya sita huenda imepiga shoti ndani. Itoe kwenye mfumo leo.

Kwa betri za lithiamu za LiFePO4, volti haisaidii hata kwa kiasi hicho: inakaa karibu 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya uwezo wake. Mwenye lithiamu asiyepima mkondo hajui kilichomo hadi mfumo wake wa ulinzi ukate ghafla.

## Hatua ya 9: Pima siku nzima

Andika mkondo kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tuseme paneli za wati 200 zimekupa 2, 4, 6, 8, 9, 10, 9, 7, 4 na 2. Jumla ni ampea-saa 61 zilizoingia.

Kilele usikitafute saa sita kamili. Uganda inatumia saa za Afrika Mashariki, lakini iko magharibi ya mstari wa saa hizo, kwa hiyo jua huwa juu kabisa Kampala karibu saa saba kasoro dakika kumi, na Arua dakika chache baadaye. Hucheza kidogo kwa msimu.

Siku ya mawingu yaliyokatikakatika, namba itaruka. Wakati mwingine jua likichungulia pembeni ya wingu mkondo unapita hata kiwango cha kawaida cha paneli kwa sekunde kadhaa. Soma mara tatu na uchukue ya katikati. Pima siku moja ya jua na nyingine ya mvua, kwani mfumo uliokadiriwa kwa Januari utalala njaa Aprili.

Usiku fanya hivyohivyo. Televisheni na taa ampea 4 kwa saa tano ni 20. Inveta iliyoachwa imewashwa hadi asubuhi, ampea 0.7 kwa saa tisa, ni 6 na zaidi: karibu robo ya matumizi yote, na hakuna aliyeitumia. Kwenye vibanda vingi vya kuchaji simu, kuzima inveta usiku na kuchaji simu kwa adapta ya volti 12 huokoa zaidi ya paneli mpya ndogo.

Kwa betri ya asidi, kila ampea-saa 100 zilizotoka zinadai 110 hadi 120 zirudi. Kwa hiyo 26 za usiku zinahitaji takriban 30. Mfano huu una 61, unatosha na kubaki. Kwa lithiamu, kinachoingia na kinachotoka ni karibu sawa.

## Mambo yanayokwenda kombo

Sifuri daima, ingawa taa zinawaka. Kuna waya wa hasi ulioachwa kwenye betri, au fyuzi ndogo ya kusomea imekatika. Rudi Hatua ya 4.

Kuchaji kunaonekana, inveta haionekani. Hasi ya inveta haijahamishwa. Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote.

Namba inayumba inveta ikifanya kazi. Inveta ya 50 Hz huvuta mkondo kwa mapigo 100 kwa sekunde. Multimita inajaribu kuchukua wastani. Subiri sekunde kumi, au pima kwa taa ya DC badala yake.

Shanti ni ya moto. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia, gusa kwanza bolti, umeme ukiwa umezimwa: bolti ikiwa na moto kuliko bamba la katikati, ni kiungo kilicholegea au kichafu. Bamba likiwa na moto zaidi, shanti ni ndogo kwa mzigo wako.

Ampea kwenye shanti na klampu zinatofautiana kwa zaidi ya moja kwa kumi. Hakikisha umezidisha kwa namba ya shanti yako, si ya jirani. Kisha rudisha sifuri ya klampu na upime tena.

Huna shanti na dukani imekwisha. Kipande cha waya wenyewe kinaweza kushika nafasi kwa muda. Mita moja ya shaba ya milimita za mraba 6 ina takriban miliomu 2.9, yaani milivolti 2.9 kwa kila ampea. Itumie kwenye mkondo mdogo tu, usiozidi ampea 20, na uipime kwanza kwa ile taa ya wati 55 ili upate namba yako halisi, maana nyaya nyingi sokoni ni nyembamba kuliko zilivyoandikwa. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo namba ya asubuhi na ya alasiri kwenye chumba chenye paa la bati hazitalingana. Shanti hutengenezwa kwa aloi ya manganini kwa sababu hiyo hasa: joto haliigusi sana.